Kijiko Ndani ya Bakuli

Dada yangu Lorraine aliupa mkahawa ule nyota tano. Aliandika hivi kwenye simu: "Tulimleta baba yetu hapa kwa chakula cha mchana na alifurahi sana. Chakula ni kitamu, wahudumu wana heshima. Mungu awabariki." Chini yake akaweka picha. Baba amekaa katikati yetu na koti lake la kahawia, na mbele yake kuna bakuli jeupe la supu. Ukiitazama picha vizuri utaona kwamba bakuli limejaa.

Nimesoma pia maoni ya wengine. Nayasoma dukani kwangu, mtaa wa Pioneer, ninapopumzika kati ya kushona sare moja ya shule na nyingine. Mtu mmoja anasema nyama ya bata ilikuwa laini mpaka akasahau simu yake mezani. Mwingine anasema aliletewa kipande cha samaki kama cha kuonja, akarudi nyumbani akasonga ugali. Kuna aliyesubiri saa nzima, na kuna anayesema hajawahi kupokewa vizuri hivyo tangu azaliwe. Wanabishana kama watu waliokwenda mahali tofauti. Sisi tuliketi meza moja, na hata sisi hatukubaliani.

Baba aliitwa Jeconia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi katika shamba moja la mbegu za mahindi ng'ambo ya Moi's Bridge. Mwenye shamba alikuwa Mfaransa, mtu wa kuzungumza kidogo. Mke wake, Madam Odile, ndiye aliyemfundisha baba kazi. Alimfundisha pia jinsi ya kupanga meza, na sheria hizo baba alizileta mpaka nyumbani kwetu, ingawa tulikuwa na sahani za bati. Kijiko kikikaa kwenye kisahani, mgeni bado anakula. Kijiko kikilazwa ndani ya bakuli, mpini ukielekea kulia, mgeni amemaliza, na mhudumu haulizi, anaondoa. Tulipokuwa watoto tulicheza mchezo huo. Ukisahau ukalaza kijiko ndani ya bakuli, baba alikuja kimyakimya na kukunyang'anya uji wako, nasi tulicheka mpaka mama anatufukuza jikoni.

Chakula alichokisifu kuliko vyote kilikuwa supu ya vitunguu. Vitunguu kilo mbili, siagi, moto mdogo, na mtu asimame hapo saa nzima akikoroga. Halafu mchuzi wa mifupa, mkate mkavu juu, jibini juu ya mkate, kisha oveni. "Ukiwa na haraka vitaungua," alikuwa akisema, "halafu utatia sukari kuficha, na Madam atajua." Yeye mwenyewe aliila akiwa amesimama, akikwangua kilichobaki kwenye sufuria baada ya wageni kuondoka. Alisema ameipika labda mara elfu moja, na hajawahi kuletewa.

Mwaka jana koo lake lilianza kuziba. Nilimchukua kutoka Moi's Bridge akaja kukaa nami, ili tuwe karibu na hospitali. Kwanza ugali ulikataa kupita, halafu wali, halafu hata ndizi ya kuponda. Tukajifunza namna mpya ya kula. Alichukua uji kidogo kwenye ncha ya kijiko, akainua kidevu, akafumba macho, akangoja. Ukishashuka, aligonga meza kwa kidole mara moja. Maana yake, imepita. Kikombe kimoja cha uji kingeweza kutuchukua asubuhi nzima, nami nilishona nikiwa nasikiliza kile kidole.

Ijumaa moja daktari alituambia kwamba Jumatano inayofuata angewekewa mrija tumboni. Kuanzia hapo chakula kingepitia kwenye mrija. Kula kwa mdomo, basi tena. Baba alimshukuru daktari, akachukua kofia yake. Tukarudi nyumbani.

"Mama," akaniita. Alikuwa akiniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Kabla ya hiyo Jumatano nataka supu ya vitunguu."

"Nitakupikia, baba."

Akacheka. "Wewe? Wewe unakaanga kitunguu dakika tano unasema kimeiva. Na mimi siwezi kusimama tena. Nataka nikae. Niletewe. Mara moja tu."

Nikampigia kaka yangu Javan. Javan anauza mabati na vyuma, na anakaa mtaa wa Elgon View.

"Hiyo tu?" akasema. "Kuna Wafaransa wamefungua hapa karibu na kwangu, mahali pa watu wakubwa. Jumamosi saa saba. Mwambie Lorraine pia. Mzee avae koti."

Kile ambacho hakuniambia ni kwamba amemwalika mgeni. Tulipofika tulimkuta Kimutai ameshaketi. Huyu Kimutai alikuwa anajenga maghala ya mahindi, na Javan alitaka kumpelekea mabati. Sina neno na Kimutai. Alisimama akampa baba mikono miwili, akamvutia kiti.

Palikuwa pazuri, lazima niseme. Vitambaa vyeupe, glasi zenye miguu mirefu, dirisha linaloangalia bustani. Baba alipokaa, kitu cha kwanza alichofanya ni kusogeza uma wake. Aliupima kwa kidole gumba kutoka ukingo wa meza, akaunyoosha, akapima na kisu. Kisha akafungua menyu na kusoma majina ya vyakula kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini. Msichana aliyetuhudumia, jina lake Chebet, kama lilivyoandikwa kifuani, alisimama akimsikiliza.

"Mzee, wewe umetushinda sisi wote," akasema. "Sisi hapa tunasomaga tu vile imeandikwa."

"Nilifundishwa na mwenyewe," baba akasema, na nikaona amefurahi. Hapo Lorraine hakudanganya. Kwa dakika kumi hivi baba alifurahi.

"Sasa Mzee atakula nini?"

"Supu ya vitunguu."

"Na baada ya supu?"

"Supu peke yake, mwanangu."

Javan akainua mkono. "Hapana, hapana. Leta hiyo supu, lakini Mzee ataletewa steki kama sisi."

"Javan," nikasema, "unajua koo lake."

"Si watamkatia ndogo ndogo? Leonida, mimi siwezi kukaa hapa natafuna nyama mbele ya mgeni na baba yangu anakunywa maji ya vitunguu. Hiyo itasemwaje?"

Kimutai akacheka. "Mzee, ata kwetu ni hivyo. Siku mzee wangu ataletewa supu bila nyama, hiyo jioni kuna kikao."

Watu wakacheka, na baba akacheka nao. Akamwambia Chebet, "Andika vile amesema." Baba hakuwa mtu wa kumkatalia mwanawe mbele ya mgeni. Alitulea hivyo. Kama mtoto wako amekununulia, unapokea, na yale mengine mtazungumza nyumbani.

Supu ililetwa kwanza, kwa baba peke yake. Ilikuwa vile alivyotueleza miaka yote. Jibini ilikuwa imetoa mapovu na kuwa ya kahawia, na mvuke ulipita pembeni mwa mkate. Baba aliinama akanusa. Akashika kijiko.

"Baba, usiguse!" Lorraine akapiga kelele. "Picha kwanza!"

Akapiga moja. Akasema Javan amefumba macho, akapiga ya pili. Akamwita Chebet atupige sote, ikawa ya tatu. Ndipo Javan akasema tuombe, na kwa heshima akamwachia mgeni. Kimutai aliomba kama mzee wa kanisa. Aliombea chakula, mikono iliyokiandaa, mvua, bei ya mahindi, maghala, na urafiki mpya ulioanza kwenye meza hii. Nilifungua jicho moja. Mvuke ulikuwa umekwisha.

Baba alivunja ganda la jibini kwa ncha ya kijiko. Akachukua mchuzi kidogo, akainua kidevu, akafumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Nilipofika arobaini, kidole kikagonga meza.

"Vitunguu vimengojewa," akaniambia polepole. "Hawakutia sukari. Huyu mpishi ana subira."

Kijiko cha pili kilipita haraka kuliko cha kwanza. Nilishangaa. Nilimwona akitazama lile bakuli kama mtu anayetazama kazi ya mkono wake mwenyewe. Nilifikiri, leo atamaliza. Hata kama ni saa kumi, hata kama watafunga, tutakaa hapa mpaka amalize.

Cha tatu kilikuwa kizito kidogo, nadhani kulikuwa na kipande cha kitunguu. Baba alifumba macho na kuweka mkono kifuani. Ule mkono mwingine uliokuwa na kijiko ulichoka, nikaona ukishuka. Ukakilaza kijiko ndani ya bakuli. Mpini ulielekea kulia.

Chebet alikuwa anakuja kuandaa meza kwa ajili ya nyama. Aliona kijiko. Alifundishwa vizuri, nadhani na mtu kama Madam Odile. Hakuuliza. Alisema, "Asante Mzee," akainua bakuli kwa mkono wa kulia, akaondoka nalo.

Kidole cha baba kikagonga meza. Imepita. Akafumbua macho, akanyoosha mkono kwenye kijiko, na pale palikuwa na kitambaa tu.

Lorraine alikuwa anamwonyesha Kimutai picha. Javan alikuwa anaeleza habari za mabati ambayo hayapati kutu. Ni mimi tu niliyeona.

"Baba, supu," nikasema. "Ngoja nimwite."

"Wacha. Amefanya kazi yake. Mimi ndiye nimeweka kijiko." Akatazama mlango wa jikoni. "Nimewaondolea watu wengi hivyo hivyo."

"Baba, nimwite tu. Hajafika mbali."

Akamtazama Kimutai, halafu Javan. "Wacha, mama. Usimwaibishe ndugu yako."

Chebet alikuwa hatua nne au tano kutoka kwetu. Nimezipima mara nyingi kichwani. Alikuwa amesimama mlangoni, anangoja mwenzake apite na sinia. Ningesema "wewe dada" tu, angegeuka. Lakini nilifikiria viatu vyangu, ambavyo nilivipaka rangi asubuhi lakini soli ilikuwa imeachia. Nilifikiria jinsi sauti yangu ingesikika mle ndani, mimi ninayeomba nirudishiwe mabaki. Baba alikuwa amenikataza, na hilo lilinipa pa kujificha. Mlango ukafunguka, Chebet akaingia.

Nyama ikawekwa. Baba alichukua kisu na uma kwa adabu yote aliyofundishwa. Akakata kipande, akakikata tena, akakikata mpaka vikawa kama punje za mchele, akavisogeza huku na huku chini ya majani ya saladi. Kwa mbali ungesema anakula. Javan alikuwa mbali, ingawa walikaribia kugusana viwiko. Mwishowe baba akalaza kisu na uma pamoja, safari hii kwa kukusudia.

"Mzee, hukupenda?" Chebet akamuuliza.

"Nimeshiba, mwanangu. Mwambie mpishi wa supu kwamba nimemsalimu. Mwambie ni mpishi mwenzake."

Pale nje, kabla hatujapanda gari, nilimvuta Lorraine mkono. "Tuagize ile supu nyingine tubebe."

"Ya nini? Si ameshakula? Kwani hukuona picha?"

Jumatatu nilifunga duka. Nilinunua vitunguu kilo mbili, siagi na jibini ile iliyopatikana. Baba alikuwa kitandani, ananielekeza kupitia mlango ulio wazi. "Punguza moto. Punguza tena. Koroga chini." Mteja akaja kuchukua sketi ya binti yake, nikatoka dakika chache. Niliporudi vitunguu vilikuwa vimeshika upande mmoja. Nikatoa vilivyoungua. Sijui nilifikiri nini, nikatia sukari kidogo.

Baba akaonja. Akaniangalia na jicho la kucheka. "Mama, umetia sukari."

Kijiko hicho hakikupita. Tulingoja, nikahesabu mpaka mia moja, halafu mia nyingine, na mwishowe kikarudi kwenye kitambaa. Kesho yake hata maji yalipita kwa shida. Jumatano akawekewa mrija. Aliishi wiki saba baada ya hapo, na kila mara nilipomwaga uji kwenye ule mrija aligeuza uso ukutani.

Tulimzika Moi's Bridge, kando ya mama. Watu walikuwa wengi, hata wengine waliofanya naye kazi shambani. Javan alisoma wasifu wa marehemu, na ana sauti nzuri ya mikutano.

"Baba yangu aliwapikia Wafaransa miaka ishirini na sita," akasema. "Nikasema mimi kama mtoto wake, hawezi kufa kabla Wafaransa nao hawajampikia. Tukamkalisha kwenye meza kama mfalme. Akala ile supu yake mpaka akashiba. Na nyama juu! Leonida alikuwepo, si ndiyo Leonida?"

Watu wote wakageuka. Wengine walikuwa tayari wanapiga makofi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mwezi mmoja baadaye wenye mkahawa walijibu maoni ya Lorraine. Waliandika, "Asante sana kwa maneno mazuri. Tumefurahi kwamba baba alipenda chakula chetu. Mleteni tena, meza yake inamngojea." Lorraine akaituma kwenye kundi la familia. "Jameni, oneni vile wanamkumbuka baba," akaandika, na sura tatu za kulia. Javan akajibu kwa mikono ya kuomba.

Siku hiyo nilijaribu na mimi kuandika maoni. Simu haikukubali. Ilitaka nyota kwanza. Nilikaa na kidole hewani. Supu ilikuwa nzuri, baba mwenyewe alisema. Yule msichana alifanya kazi yake. Kama ni haki, ningewapa tano kama Lorraine. Nikaifunga simu, nikarudi kwenye cherehani.

Jumapili iliyofuata Javan na Lorraine walikuwa waje kwangu tugawane nguo za baba. Lorraine alichelewa, kwa hiyo tukaanza kula, mimi na Javan. Nilikuwa nimepika kuku. Lile koti la kahawia lilikuwa limekunjwa kwenye kiti ambacho baba alikuwa akikalia. Javan akalitazama, akasema, "Angalau ile siku alikula vizuri."

"Javan, baba hakula."

"Hakula nini?"

"Siku ile. Alikula vijiko vitatu. Yule msichana akaondoa bakuli kabla hajamaliza, baba akiwa amefumba macho. Na nyama hakuimeza hata kipande kimoja. Aliificha chini ya majani."

Aliacha kutafuna. Nilidhani atakasirika, apige meza, aseme namharibia jina. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na maneno mengi kuhusu Kimutai na mabati na ile sala ndefu.

"Wewe uliona?" akauliza.

"Niliona."

"Bakuli likiondolewa, uliona?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nimemgeukia mgeni." Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwa nimeisikia hivyo tangu tukiwa watoto. "Mimi sikuona kitu, Leonida. Ningejua, ningeagiza mabakuli kumi. Ningeingia jikoni mwenyewe. Wewe ulikuwa umekaa karibu naye. Mbona hukusema?"

Ningeweza kumwambia kwamba baba alinikataza. Ni kweli. Lakini Javan alikuwa ananitazama na macho ya baba, na sikuweza kuyatoa yale maneno. Nilitazama sahani yake. Kuku alikuwa nusu, na uma wake ulikuwa umelala kando ya kisu.

Nikasimama kuondoa vyombo, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Mkono ulipofika kwenye sahani yake, ukasimama.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

Nikabaki nimesimama pale, nikingoja aseme.